Je, Google inaadhibu maandishi yaliyokunjwa?

Swali: Natengeneza tovuti ya kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, hapa Moshi. Kila njia ina ukurasa wake: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai. Kila ukurasa una ratiba ya siku kwa siku, vitu vya kubeba, bei na masharti, na maswali yanayoulizwa sana. Kwenye simu ulikuwa mrefu mno, nikaweka akodioni: mgeni anaona vichwa vya habari, akigusa kimoja kinafunguka. Sasa mwenye kampuni ameleta mshauri wa SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye Google. Mshauri anasema Google inaadhibu maandishi yaliyofichwa, hivyo nifungue kila kitu. Lakini yeye mwenyewe ameongeza chini ya kila ukurasa aya ya maneno ya kutafutia, yenye rangi ileile ya mandharinyuma, eti wageni hawataiona ila Google itaiona. Tena anataka dirisha la punguzo lijitokeze mara tu mgeni anapoingia. Nani yuko sahihi? Na tukishaadhibiwa, kuna kurudi?

Jibu: Ndugu yangu wa Moshi, mshauri wenu amegeuza mambo juu chini. Anachokiogopa hakina adhabu, na alichokiongeza kwa mkono wake mwenyewe ndicho Google imekikataza kwa maandishi. Ile aya ya chini iondoe leo, tena kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Akodioni ziache kwanza. Zina matatizo yao, lakini si hayo uliyoambiwa.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wanaoitaja hawajaisoma. Katika sera zake za kupambana na taka za mtandaoni (spam), Google ina kifungu kuhusu maandishi na viungo vilivyofichwa. Kinachokatazwa ni kuweka maneno kwenye ukurasa kwa nia ya kuihadaa injini ya utafutaji peke yake, huku binadamu asiweze kuyaona kwa urahisi. Mifano inatolewa: maandishi meupe juu ya mandharinyuma nyeupe, maandishi yaliyofunikwa kwa picha, yaliyosukumwa nje ya skrini kwa CSS (msimbo unaopanga mwonekano wa ukurasa), yaliyopewa ukubwa wa sifuri au kufanywa yapitishe mwanga wote yasionekane, na kiungo kilichobandikwa kwenye alama moja ndogo kama kistari katikati ya aya. Ukiteremka mistari michache unakuta orodha ya pili, ya mambo yasiyo kosa: akodioni na vichupo, picha zinazopishana, maelezo mafupi yanayojitokeza mtu akigusa, na maandishi yaliyowekwa kwa ajili ya visoma skrini vya wasioona. Akodioni imetajwa kwa jina. Mshauri alisoma nusu ya juu akaishia hapo, au pengine alisikia kwa mtu aliyesikia kwa mwingine.

Kufichika, basi, si kosa. Karibu kila tovuti inayofaa kwa simu imeficha kitu. Ile menyu ya mistari mitatu pale juu imeficha viungo vyote na hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa ajili yake. Suala ni kama mgeni ameachiwa njia ya kuyafikia maneno hayo bila kufungua msimbo wa ukurasa. Kwenye akodioni njia ipo: kichwa cha habari kinaonekana, kina mshale, ukigusa kinafunguka. Kwenye aya ya mshauri hakuna njia, isipokuwa mgeni akishikilia kidole na kuburuta kwa bahati mbaya, halafu maneno yatokee yakiwa yamepakwa buluu: bei nafuu Kilimanjaro, kampuni bora Kilimanjaro, panda Kilimanjaro kwa bei nafuu, mara thelathini. Fikiria mgeni huyo yuko Ulaya au Marekani, anataka kuituma amana ya mamia ya dola kwa kampuni ambayo hajawahi kuiona. Hata kama Google isingekuwepo duniani, ile aya ingekuwa hasara.

Hofu ya mshauri ina historia, na ukiijua utaweza kumjibu bila kugombana. Miaka ya 1990, enzi za AltaVista, injini za utafutaji zilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Neno likijirudia, ukurasa ulipanda. Mafundi wakajaza maneno, na kwa kuwa yaliwachukiza wasomaji, wakayapaka rangi ya ukurasa. Google ilipokuja ikaanza kupima pia viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa, basi watu wakahamia kuficha viungo. Machi 2005 hata WordPress.org, tovuti ya programu ya kutengenezea tovuti, ilikutwa na tatizo hilo: Andy Baio alifichua kwamba ukurasa wake wa mwanzo ulikuwa na viungo vilivyosukumwa nje ya skrini kwa CSS, vikielekea kwenye maelfu ya makala za mikopo ya nyumba, bima na mambo kama hayo, zilizotengenezwa kwa ajili ya matangazo. Google ikaziondoa makala hizo kwenye matokeo, naye Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, akaviondoa viungo na kuomba radhi.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya BMW. Februari 2006, Matt Cutts, aliyeongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka, aliandika hadharani kwamba bmw.de imeondolewa kwenye matokeo. Kurasa zake zilijazwa neno la Kijerumani la magari yaliyotumika, Gebrauchtwagen, likijirudia na kujirudia. Roboti ya Google, yaani programu yake inayopita tovuti na kuzisoma, ililisoma, lakini binadamu akifungua ukurasa huohuo JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari) ilimrusha papo hapo kwenye ukurasa mwingine wenye picha nzuri na maneno machache. BMW ilisafisha na kurejeshwa baada ya siku chache. Watu hukumbuka kwamba kampuni kubwa iliadhibiwa na kusahau sababu. Ilikuwa na sura mbili, moja ya roboti na nyingine ya mteja. Hilo ni kosa jingine kabisa, na akodioni haimo ndani yake, kwa sababu msimbo anaopokea roboti na anaopokea mgeni wako ni uleule.

Sasa nusu ya ukweli ya mshauri. Novemba 2014 John Mueller wa Google alisema kwamba maandishi yanayosubiri kubofywa ndipo yaonekane huenda wasiyape uzito, kwa kuwa mgeni anapofika hayaoni. Hakusema yanaadhibiwa. Alizungumzia uzito, na wakati ule Google ilikuwa bado inapima tovuti kwa sura ya kompyuta ya mezani, ambako nafasi ipo tele na hakuna sababu kubwa ya kukunja. Mwishoni mwa 2016 Google ilitangaza kwamba itahamia kupima tovuti kwa sura yake ya simu. Hapo ndipo Gary Illyes, naye wa Google, akaeleza kwamba chini ya mfumo huo maandishi yaliyokunjwa ili kumrahisishia mtumiaji yatahesabiwa kwa uzito kamili. Uhamisho ulianza 2018, na Oktoba 2023 Google ikatangaza umekamilika. Ushauri wa mtaalamu wenu umepitwa na wakati, ila haukuzuka hewani. Mwambie hivyo, mtu hukubali haraka zaidi akiambiwa kwamba alichojua kilikuwa na mzizi.

Ninalotaka ulishike ni kwamba watu huita «adhabu» mambo matatu tofauti. Adhabu halisi ni mkaguzi wa Google, binadamu, ameitazama tovuti yenu na kuishusha au kuiondoa, na taarifa yake mnaipata. La pili ni maneno kuwepo lakini yasiwasaidie, kwa mfano kwa sababu yamejazwa kupita kiasi na mfumo umeyapuuza kimyakimya. Mara nyingi hili ndilo linaloipata aya kama ya mshauri. La tatu ni maneno ambayo Google haijawahi kuyaona kabisa. Na hili la tatu ndilo ninaloshuku linaweza kuzigusa akodioni zako.

Roboti ya Google huendesha JavaScript, na tangu Mei 2019 inatumia toleo jipya la Chrome, lakini haigusi vitufe. Haibofyi «soma zaidi», haifungui vichupo. Kama ratiba ya Machame imo ndani ya HTML (msimbo wenye maandishi ya ukurasa) tangu ukurasa unapofunguka, ikiwa imekunjwa kwa CSS tu, Google inaisoma yote. Kama akodioni yako inakwenda kuichukua ratiba kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) pale tu kidole kinapogusa, basi kwa Google hiyo ratiba haipo. Fundi anaweza kuzitazama akodioni mbili zilizofanana kwa macho, moja inasomwa yote na nyingine ni mabango matupu. Plagini nyingine, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye tovuti, hufanya hivyo kwa nia njema, ili ukurasa ufunguke haraka.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, weka anwani ya ukurasa kwenye kifaa cha kukagua URL, agiza jaribio la moja kwa moja, kisha utazame HTML ambayo Google imeipata. Tafuta humo sentensi moja iliyo ndani ya akodioni, mfano maelezo ya siku ya kambi ya Barranco. Ikiwemo, lala usingizi. Isipokuwemo, shida umeipata. Kama huna Search Console karibu, nakili sentensi ndefu isiyo ya kawaida kutoka ndani ya akodioni, iweke ndani ya alama za kunukuu na uitafute Google pamoja na site: na jina la tovuti yenu. Njia hii ya pili haina uhakika kama ya kwanza, lakini inatosha kwa haraka.

Hapohapo angalia kosa linalofanana nalo. Wapo mafundi ambao ukurasa wa simu huuandaa mfupi kuliko wa kompyuta: seva ikitambua ni simu, inakata maelezo, inaondoa ratiba, inabakiza picha na kitufe cha WhatsApp. Kwa kuwa Google inatazama sura ya simu, kilichokatwa kwenye simu kimekatwa kwenye Google, hata kama mwenye kampuni anakiona vizuri kwenye kompyuta ya ofisini. Bora kukunja kuliko kukata. Hapo wewe umechagua vizuri.

Akodioni yenyewe itengeneze kwa HTML ya kawaida, kwa lebo za details na summary, usitegemee plagini nzito. Sababu yangu si Google. Wageni wenu wengi wana simu nzuri, lakini wapagazi, waongoza wageni na mawakala watakaoifungua tovuti hiyo hapa nyumbani wengine wanatumia kivinjari cha Opera Mini kwa kubana bando. Katika hali yake ya kubana kupita kiasi, JavaScript huendeshwa kwenye seva za Opera na si kwenye simu, kwa hiyo akodioni inayotegemea msimbo mwingi inaweza isifunguke au ikafunguka kwa kupakua ukurasa upya. Lebo ya details, pale isipotambuliwa, huonyesha maandishi yote yakiwa wazi. Ikishindwa inashindwa upande wa msomaji. Zaidi ya hapo, mtu asiyeona anayetumia TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, ataambiwa kwamba sehemu hii imefungwa na inaweza kufunguliwa, bila wewe kuandika chochote cha ziada. Na kwenye Chrome, mgeni akitafuta neno ndani ya ukurasa, sehemu yenye neno hilo hujifungua yenyewe. Ukitumia akodioni ya kuficha kwa display:none, amri ya CSS inayoyaondoa kabisa maandishi kwenye mwonekano, atatafuta «Lava Tower», ataambiwa hakuna, na ataondoka akidhani njia yenu haipiti huko.

Kwa kuwa tumewagusa wasioona: ukitaka kuweka maneno yanayosomwa na kisoma skrini tu, mfano jina la kitufe chenye picha ya simu bila maandishi, usitumie display:none, maana inayaficha kwa kisoma skrini pia. Kuna mtindo wa CSS unaoyabana maneno yawe nukta isiyoonekana huku yakiendelea kusomeka. Kwa umbo, huo unafanana sana na hila za 2005. Google haiukatai kwa sababu kuna binadamu anayeyasikia maneno hayo na kuyahitaji. Lakini weka maneno yanayohitajika. Kitufe cha kupiga simu kiitwe «piga simu», kisiitwe «piga simu kampuni bora ya kupanda Kilimanjaro kwa bei nafuu».

Baada ya yote hayo linakuja swali ambalo hukuniuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko la adhabu: umekunja nini? Google kuruhusu kukunja hakumaanishi kila kitu kinafaa kukunjwa. Kwenye barua yako umetaja kwamba bei imo ndani ya akodioni. Itoe. Mtu anayepanga kupanda mlima huo anataka kwanza kujua mambo mawili, gharama na idadi ya siku, na bei iliyofichwa humfanya ahisi anaviziwa. Weka bei juu, wazi, pamoja na vilivyomo: ada za hifadhi, mahema au vibanda, chakula, waongoza na wapagazi. Masharti ya kughairi unaweza kuyakunja, lakini mstari mmoja unaosema amana inarudishwa au hairudishwi ubaki nje.

Ratiba nayo usiikunje yote kwa pamoja chini ya neno «Ratiba». Mgeni haoni chochote cha kumfanya aguse. Acha kila siku iwe na mstari wake ulio wazi: «Siku ya 3: Shira hadi Barranco kupitia Lava Tower, mita 4,600 hivi», kisha ndani ya mkunjo weka saa za kutembea, hali ya hewa, kwa nini mnapanda juu halafu mnashuka kulala chini. Mtu anayepitisha macho kwa haraka ataipata picha ya safari nzima, kutoka lango la Machame hadi Mweka, bila kugusa kitu. Mwenye wasiwasi wa kuugua kwa sababu ya mwinuko atagusa siku ya tatu na kusoma. Na hapo ndipo mambo ya Google na ya mgeni yanapokutana kweli: vichwa vya habari vinavyosema kitu vinawafaa wote wawili. «Siku ya 3» pekee haimwambii yeyote lolote.

Orodha ya vitu vya kubeba ikunje bila hofu. Ni ndefu, ina soksi na tochi na dawa ya midomo, na anayeihitaji ameshaamua kuja. Maswali yanayoulizwa sana pia yanakaa vizuri kwenye akodioni, ila mshauri asikuuzie data maalumu ya kuyafanya maswali hayo yachomoze kwenye matokeo ya Google. Agosti 2023 Google iliubana mwonekano huo, ikaubakiza kwa tovuti za serikali na za afya zinazotambulika tu. Kampuni ya utalii haimo. Na kama amejaza lebo ya meta ya maneno muhimu, ile orodha ya maneno ya kutafutia ndani ya msimbo, muache alale nayo. Septemba 2009 Google ilieleza wazi kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Kuna kufichwa kwingine nakukuta mara nyingi kwenye tovuti za utalii za Kaskazini, sijui kama mnako: Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa vyote ndani ya ukurasa mmoja, viwili vimefichwa, na kibendera juu cha kubadilisha. Hakuna adhabu hapa pia, lakini Google inakutana na ukurasa wenye lugha tatu zilizochanganyika na haijui impe Mjerumani au Mfaransa. Kila lugha iwe na anwani yake, na kurasa hizo ziunganishwe kwa hreflang, alama ya msimbo inayoieleza Google ukurasa upi ni wa lugha ipi. Ni kazi, naijua, lakini mgeni wa Hamburg anayetafuta kwa Kijerumani ndiye huyo mnayemtaka.

Sasa lile dirisha la punguzo. Mshauri aliyeogopa akodioni anataka kuweka kitu ambacho Google imeeleza bayana kwamba kinaweza kuushusha ukurasa. Tangu 10 Januari 2017, kurasa zinazomfunika mgeni wa simu kwa dirisha ibukizi mara tu anapotoka kwenye matokeo ya Google, kabla hajasoma alichokijia, huenda zisipangwe juu. Uzito wake si mkubwa, ukurasa wenye jibu zuri unaweza bado kushinda, lakini ni jambo la kweli lililoandikwa, si uvumi. Yaliyosamehewa ni yale ya lazima, kama taarifa ya vidakuzi inapotakiwa kisheria na uthibitisho wa umri, pamoja na mabango yanayochukua sehemu ndogo ya skrini na kufungika kwa urahisi. Weka utepe mwembamba juu, useme punguzo ni la nini na linaisha lini. Mwenye kampuni akikataa, mpe simu yako, mwambie afungue tovuti kama mgeni, na umtazame akitafuta ile alama ndogo ya kufungia dirisha.

Kabla ya kufika kwenye kurudi, fanya ukaguzi mwingine ambao watu hawaufikirii. Maandishi yaliyofichwa kwenye tovuti za kwetu mara nyingi sana hayakuwekwa na mwenye tovuti wala fundi wake. Yamewekwa na wavamizi. Thimu (muundo wa mwonekano) ya WordPress ya kulipia iliyovunjwa na kugawiwa bure, plagini ambayo haijasasishwa kwa miaka, nywila dhaifu. Mvamizi akiingia habomoi kitu, anaongeza viungo vya kamari au dawa, vimesukumwa nje ya skrini, au anatengeneza maelfu ya kurasa za Kijapani za bidhaa bandia. Mara nyingine anaandika msimbo unaoonyesha taka hizo kwa roboti ya Google tu, hivyo wewe ukifungua tovuti kwa kivinjari unaiona safi kabisa. Ndiyo maana kuitazama kwa macho hakutoshi. Tafuta Google kwa site: na jina la tovuti yenu, pitia matokeo, uone kama kuna vichwa usivyovijua, ongeza neno «casino» au «slot» ujaribu tena. Kisha rudi kwenye kifaa cha kukagua URL uone HTML ambayo Google imepokea. Ikiwa mmeshavamiwa, kuondoa viungo bila kuziba tundu ni kupoteza muda, vitarudi.

Kuhusu kurudi: ndani ya Search Console kuna sehemu ya hatua zilizochukuliwa na wakaguzi. Ifungue. Kama inasema hakuna tatizo, hamjaadhibiwa, hata kama wageni wamepungua. Kupungua kuna sababu nyingine chungu nzima: mshindani ameboresha, msimu umekwisha, Google imebadilisha mifumo yake. Katika hali hiyo hakuna pa kuomba msamaha wala haja ya kuomba. Ondoa aya, subiri Google ipitie kurasa upya. Unaweza kuiharakisha kwa kuomba ukurasa uorodheshwe tena kupitia kifaa kilekile.

Kama kuna taarifa ya maandishi yaliyofichwa na kujaza maneno, isome vizuri uone inagusa kurasa fulani au tovuti nzima. Safisha zote, pamoja na zile ambazo hazikutolewa mfano, maana mkaguzi hutoa mifano tu. Kagua kwa kuchagua maandishi yote ya ukurasa, Ctrl na A, ili yenye rangi ya mandharinyuma yajitokeze. Pekua pia faili za CSS na kijachini cha thimu, kwa sababu mshauri akishaweka aya kwenye kijachini inatokea hadi kwenye ukurasa wa mawasiliano. Halafu omba ukaguzi upya kupitia kitufe kilicho hapohapo. Andika kwa ufupi na ukweli: kosa lilikuwa nini, liliingiaje, mmefanya nini, na lini. Usimlaumu mshauri kwa aya nzima. Mkaguzi anataka kuona kwamba taka zimetoka na hazitarudi. Jibu huweza kuchukua siku kadhaa au wiki, na kutuma ombi la pili kabla la kwanza halijajibiwa hakusaidii. Adhabu ikiondolewa, usitarajie kurudi mahali mlipokuwa kama mlikuwa mmefikishwa hapo na maneno yaliyofichwa.

Mwisho, angalia Search Console hiyo imesajiliwa kwa akaunti ya nani. Onyo la adhabu na la uvamizi hutumwa kwa watumiaji waliothibitishwa wa tovuti. Kama aliyethibitishwa ni mshauri peke yake, mwenye kampuni anaweza kuondolewa kwenye matokeo yote ya Google na asipate hata barua pepe moja. Thibitisha umiliki kwa barua pepe ya kampuni, kupitia rekodi ya DNS (mipangilio ya jina la tovuti) ili usipotee thimu ikibadilishwa, kisha mpe mshauri ruhusa ya kutazama tu.